Magunia sita ya chupa, na mnunuzi hakuna

Mama, umesema una magunia sita ya chupa tupu za plastiki nyuma ya nyumba, umezunguka Kadutu yote hapa Bukavu bila mnunuzi, na sasa baba watoto anataka uyachome. Usichome, tafadhali. Na sashe, ile mifuko laini ya plastiki, nazo usiwashie mbabula, jiko lako la makaa. Moshi wake unaingia vifuani mwa watoto kabla sombe haijaiva.

Kukosa mnunuzi si kosa lako. Chupa tupu ni hewa, anayezisafirisha analipa gari libebe upepo. Zikanyage ziwe bapa. Halafu tazama namba iliyo chini, ndani ya pembetatu: 1 ni chupa za maji na soda, 2 ni bidoni nene, yaani madumu. Ukizichanganya, au zikiwa na tope, bei inakufa, maana kila aina inayeyuka kwa joto lake. Bidoni zilizokuwa na mafuta ya kupikia zioshe, uwape wauza mawese. Hizo hazihitaji kiwanda.

Sashe laini? Sitakudanganya, karibu hazirudi kuwa kitu. Amri ya kuzikataza hapa Kongo ilitiwa sahihi Desemba 2017, na sokoni bado unapewa moja kwa kila fungu la nyanya! Beba kitunga chako. Mvua ikinyesha zinateremka ziwani Kivu, zinafika mto Ruzizi, zinaziba mitambo ya umeme iliyo huko, nasi tunalala gizani.

Za namba 1 ziweke pakavu, ongea na majirani mjaze gari moja. Kwa magunia sita tu, hakuna atakayepanda milima yetu hii.