Wasomaji Wauliza: Nimetumia modeli ya Rasch, niripoti nini?

SWALI: Nasoma shahada ya uzamili hapa Mwanza. Nimewapima ufahamu wa Kiingereza wanafunzi 210 wa kidato cha pili, wa Nyamagana na Ukerewe, kwa maswali 40 ya kuchagua, nikachambua majibu kwa modeli ya Rasch, inayokadiria uwezo wa mtahiniwa na ugumu wa swali kwa pamoja. Msimamizi amerudisha sura ya matokeo kwa sababu nimeandika tu kwamba "data imekubaliana na modeli". Nirekebishe vipi?
Msomaji, Nyegezi

JIBU: Msimamizi hajakuonea. Umetoa hukumu, ushahidi umeuacha kwenye kompyuta.

Taja programu na toleo lake, njia ya kukadiria, na jinsi ulivyohesabu maswali yaliyoachwa wazi: ni makosa, au hayakufikiwa? Ukiyaita makosa, maswali ya mwishoni yataonekana magumu kuliko yalivyo, kumbe wasomaji wa polepole waliishiwa muda.

Kwenye jedwali, kila swali lipewe ugumu wake kwa logiti (kipimo kimoja cha ugumu wa swali na uwezo wa mtahiniwa), kosa sanifu (kiasi cha shaka katika kadirio), infiti na autifiti (vipimo viwili vya jinsi majibu yanavyolingana na modeli). Thamani inayotarajiwa ya hizo mbili ni 1; wengi hukubali 0.5 hadi 1.5. Swali ulilolitupa litaje kwa namba na sababu. Tafadhali usilifiche.

Tunachokihofia zaidi ni maswali yanayotegemea kifungu kimoja. Tuseme kifungu kinahusu uanikaji wa dagaa na kina maswali matano: asiyekielewa huanguka yote kwa pamoja. Rasch huchukulia kwamba, uwezo wa mtahiniwa ukishazingatiwa, jibu moja halilivuti jingine. Yakivutana, utegemevu wa mtihani (uthabiti wa alama zake) unavimba bure. Masalio ni tofauti kati ya jibu halisi na lile modeli inalolitarajia; kokotoa uwiano wake, yaani jinsi yanavyokwenda pamoja, kwa kila jozi ya maswali, uuripoti. Jozi za kifungu kimoja zikiwa juu sana kuliko nyingine, unganisha hayo matano yawe swali moja la alama 0 hadi 5, kisha rudia uchambuzi kwa modeli ya Rasch ya alama za sehemu. Weka matokeo ya awali na ya marudio.

Kifungu hichohicho kina mtego mwingine. Mtoto wa kisiwani aliyekulia kwenye vichanja vya dagaa anaweza kubahatisha jibu bila kusoma. Kulinganisha wastani wa Ukerewe na wa Nyamagana hakutoshi; linganisha wanafunzi wenye uwezo sawa wa pande zote mbili. Wa Ukerewe wakizidi kulipata swali la kifungu hicho, huenda linapima uzoefu wa ziwa kuliko Kiingereza. Andika tofauti hiyo kwa logiti pamoja na kosa sanifu lake, maana nyota za umuhimu wa kitakwimu hazisemi pengo ni kubwa kiasi gani.

Kiambatisho kibebe majibu yote, bila majina ya wanafunzi wala ya shule.