Mwaka wa kwanza uhesabiwe kwa giza

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii liliuliza: mwaka wa kwanza wa kujiajiri huwaangusha watu wapi, na ukiisha mtu ajipime kwa kipimo gani? Majibu yaliyozoeleka ni mtaji mdogo na wateja wachache. Kwa anayejiajiri hapa Mwanza, kuanzia Mwaloni Kirumba hadi Igombe, Kayenze na visiwa vya Ukerewe, jibu langu ni kalenda. Fedha za pwani ya ziwa huingia kwa kufuata mwezi wa angani, ilhali kodi ya pango, ada ya shule na rejesho la mkopo hudaiwa kwa kalenda ya ukutani.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Taa huwavuta dagaa usiku ukiwa mweusi. Mbalamwezi ikikolea, mwanga wa taa hauna nguvu, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi hubaki mwaloni, yaani ufukweni inakotia nanga, watu wakishona nyavu. Mzunguko mzima ni siku 29 na nusu, na ndani yake huwa kuna siku za giza za kuvua, kisha wiki au zaidi kidogo ya kukaa. Mwaka una mizunguko 12, mara nyingine 13, na haijali tarehe mosi wala tarehe 30.

Usidhani hili linamhusu mchuuzi wa dagaa peke yake. Mama lishe, kinyozi, fundi simu na muuza mitumba walio karibu na mwalo hula mfuko uleule. Aliyefungua genge lake wakati wa mbalamwezi ataona amekosea eneo, na ndani ya siku kumi atahama. Aliyefungua giza likiwa limekaa vizuri ataona ametoboa, atakodi fremu ya pili, na mbalamwezi itamkuta anadaiwa kodi ya fremu mbili. Wote wawili wamepima mwaka kwa wiki mbili. Biashara mpya ya huku usiitolee hukumu kabla ya mizunguko mitatu kupita, na kwa hiyo kabla ya kuanza tenga chakula na kodi ya nyumba ya mizunguko hiyo mitatu, kando kabisa na mtaji. Asiye na akiba hiyo aanze na nusu ya mtaji aliokuwa amepanga. Ni bora mzigo mdogo kuliko kula mtaji mwezi wa pili.

Sasa hesabu yenyewe. Bei hizi ni za mfano tu, maana bei ya dagaa hugeuka kila wiki. Mchuuzi ana mtaji wa Sh1,200,000. Anakwenda kisiwani kununua dagaa wakavu kilo 200 kwa Sh5,000 kilo, jumla Sh1,000,000. Akifika mjini bei ni Sh7,000, naye kichwani ameshajiandikia faida ya Sh400,000. Lakini kuna magunia na kamba, boti, wachukuzi pande zote mbili, ushuru, nauli yake, kula na kulala: tuseme Sh100,000 vyote. Halafu kuna jambo ambalo wageni wa kazi hii hawaliandiki kamwe: kilo 200 za kisiwani hazifiki mjini zikiwa 200. Unyevu hutoka, vichwa hukatika, mchanga huchekechwa. Zikibaki 190, mauzo ni Sh1,330,000, na faida ni Sh230,000. Tofauti ya Sh170,000 kati ya faida ya kichwani na ya kwenye daftari ndiyo hugeuka kuwa simu mpya na sofa, na safari ya tatu mtu anashangaa mtaji umepungua bila kuibiwa.

Kwa hiyo ukaguzi lazima ufanyike kabla ya kulipa. Kunja dagaa mmoja: aliyekauka huvunjika kwa sauti, asiyekauka hupinda. Ingiza mkono hadi katikati ya gunia, si juu. Ukikuta joto, kuna unyevu ndani, na gunia hilo litaota ukungu kabla halijapata mteja. Mimina kisahani kimoja kwenye kitambaa cheupe, kung'uta, uone mchanga. Dagaa walioanikwa chini mchangani hubeba mchanga, na huo unaununua kwa bei ya dagaa. Walioanikwa juu ya chanja za nyavu, kimo cha kiuno, ni wasafi zaidi, na tofauti ya bei mara nyingi inastahili. Pima mchana jua likiwa limewaka, kwa sababu mzigo uliolala nje huwa na umande wa asubuhi. Beba mizani yako ya kuning'iniza. Muuzaji akikataa mizani yako, nenda kwa mwingine.

Mvua ndiyo mbaya kuliko yote. Huku mvua za vuli huanza karibu Oktoba hadi Desemba, za masika Machi hadi Mei. Dagaa wabichi hupoteza karibu robo tatu ya uzito wao wanapokauka, na maji yote hayo yanahitaji jua la siku nzima. Mvua ikiwakuta nusu wakavu hulainika, hubadilika rangi, hukatikakatika, na soko lao hushuka kutoka mezani hadi chakula cha kuku. Katika mfano wetu, kilo 50 zikishuka kutoka Sh7,000 hadi Sh2,000, hasara ni Sh250,000, yaani faida ya safari nzima na nauli juu yake. Turubai mbili nzuri ni nafuu kuliko hapo. Na miezi ya mvua punguza kilo kwa safari, hata kama bei ya kununulia inakuvutia. Bei hiyo imeshuka kwa sababu mwenye mzigo naye anaona mawingu.

Kuhusu kujilipa. Mwenye biashara huchota leo 5,000, kesho 20,000, keshokutwa mgeni amekuja, na mwisho wa mzunguko hakuna anayejua biashara imezaa nini. Dawa yake ni mshahara: kiasi kimoja, kinatolewa mara moja kila mzunguko, siku ya kwanza ya mbalamwezi, mzigo ukiwa umeshauzwa. Kisizidi nusu ya faida ya mzunguko wa kawaida. Mchuuzi wetu akienda safari mbili kila giza anapata Sh460,000, hivyo ajilipe Sh230,000 na asiongeze chochote mwaka huo, hata giza liwe zuri kiasi gani. Hapo ndipo ugomvi wa nyumbani huanzia, najua, kwa kuwa mwenza anaona fedha nyingi mezani na kuambiwa si zenu. Mwonyeshe daftari.

Daftari liwe kaunta buku, ukurasa mmoja kwa mzunguko mmoja: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, deni, kilichobaki. Fedha za biashara zipitie laini yake yenyewe au Lipa Namba, matumizi ya nyumbani yapitie laini nyingine. Kila jioni jumlisha taslimu, salio la simu na madeni. Isipolingana na jana ukiongeza mauzo na kutoa matumizi, tafuta palepale kabla ya kulala, maana kosa la jana hupatikana na la wiki iliyopita halipatikani.

Mali kauli, yaani kuchukua mzigo na kulipa ukishauza, humsaidia mwenye mtaji mdogo, ila bei yake huwa juu na uhuru wa kuchagua gunia haupo. Upande wa kukopesha, weka kanuni moja: anayedaiwa kutoka giza lililopita hapewi mzigo wa giza hili mpaka alipe angalau nusu. Mteja wa mbali anayeagiza kwa simu alipe kabla gunia halijapakiwa. Hata akinuna.

Mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kali, haifai kwa biashara hii. Sababu ni hesabu tu, sihubiri. Rejesho lake ni la kila siku au kila wiki, na mbalamwezi ina wiki isiyo na kitu. Mtu analipa rejesho kwa mtaji, giza likirudi hana cha kununulia, anakopa kwingine kuziba. Kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, ni bora, hasa kile ambacho mwanachama hununua hisa moja hadi tano kwa kikao: mbalamwezi unanunua moja, giza unanunua tano. Epuka upatu wenye mchango wa kiasi kilekile kila wiki. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hutolewa hasa kwa vikundi. Inafaa, lakini usipange safari ya mwezi ujao kwa kuitegemea.

Kodi huwashtua watu kwa sababu moja: kwa mfanyabiashara mdogo huangalia mauzo, haiangalii faida. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2019, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu hulipa Sh100,000, mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Mama lishe mwenye mauzo ya milioni 6 na daftari safi analipa Sh60,000. Daftari la Sh3,000 limemwokolea 40,000. Mchuuzi wetu yuko mbali zaidi. Safari 24 za Sh1,330,000 ni mauzo ya karibu milioni 32, na kwa marekebisho ya 2022 kundi la kati ya milioni 11 na 100 lilitozwa asilimia 3.5 ya mauzo. Hiyo ni zaidi ya Sh1,100,000 kwa mwaka, karibu Sh93,000 kila mzunguko. Zitenge siku ileile unayojilipa. Malipo ni ya awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Viwango huguswa bungeni kwenye bajeti, basi uliza Mamlaka ya Mapato (TRA) kila Julai. TIN, namba ya mlipakodi, hutolewa bure. Anayekutoza hela ya TIN ni kishoka. Leseni nayo ni ya halmashauri ulipo: Kirumba na Igombe ni Manispaa ya Ilemela, Makoroboi na Mlango Mmoja ni Jiji la Mwanza, na watu hupoteza siku nzima kwenye foleni isiyo yao. Dagaa wanahitaji pia kibali cha kusafirisha kutoka kwa ofisa uvuvi wa kule unakopakia, na hicho ukikikumbukia njiani umechelewa.

Kwa wanaoleta mzigo kutoka Sengerema na Geita, gharama za usafiri zilizoandikwa kabla ya Juni 2025 zifutwe. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, saa za kusubiri kivuko zilikwisha, na aliyekuwa akilipa ulinzi na kulala upande wa pili anafanya hesabu nyingine kabisa.

Sasa kujipima. Chagua mbalamwezi ya mzunguko wa 12, ghala likiwa karibu tupu. Hesabu taslimu, salio la simu, mzigo uliobaki kwa bei uliyonunulia (ya kuuzia bado si yako), na madeni ya wale tu waliolipa chochote giza lililopita. Toa unachodaiwa, pamoja na kodi. Linganisha na mtaji wa siku ya kwanza.

Mchuuzi wetu akikamilisha safari 24 anapata faida ya Sh5,520,000. Toa kodi Sh1,117,200, mishahara ya mizunguko 12 Sh2,760,000, na hasara mbili za mvua, ya vuli na ya masika, Sh500,000. Mtaji umeongezeka kwa Sh1,142,800, karibu maradufu. Sasa fanya safari ziwe 18, kwa kuwa upepo, ugonjwa, misiba na mvua huchukua zao. Faida inakuwa Sh4,140,000, kodi Sh837,900, mshahara na hasara vilevile. Ongezeko la mwaka mzima ni Sh42,100. Ni mtu yuleyule, mwalo uleule, bei ileile, na anaweza kujiona mvivu au amerogwa wakati kilichopungua ni safari sita.

Kwa hiyo idadi ya safari iandikwe juu kabisa ya kila ukurasa, juu hata ya faida. Halafu chukua mizunguko mitatu ya mwisho peke yake uilinganishe na kibarua wa kuanika na kubeba katika mwalo huohuo: analipwa ngapi kwa siku, na kwa mzunguko anafanya siku ngapi? Mshahara wako ukijumlisha ongezeko la mtaji ukizidi wake, endelea na mwaka wa pili kwa mzigo uleule. Ukiwa chini yake mizunguko yote mitatu, uza turubai na mizani, weka mtaji uliobaki kwenye hisa za kikoba, na ufanye kibarua mpaka Juni, mvua za masika zikishaisha, ndipo ununue tena.