Kabla ya kuwasha hiyo Amiga 500 Plus
Ndugu uliyeuliza kama uiwashe Amiga 500 Plus (kompyuta ya zamani ya kampuni ya Commodore) iliyokaa stoo tangu miaka ya 90: usiiwashe kwanza. Ifungue. Kwenye ubao wa saketi utaona betri yenye umbo la pipa dogo, ya nikeli na kadimiamu, inayotunza saa. Hizi huvuja hata kompyuta ikiwa imezimwa, na kinachotoka si asidi kama wengi wanavyodhani, ni alkali (potasiamu haidroksaidi). Inakula njia za shaba polepole. Ukiona ukungu wa kijani au samawati, hiyo ndiyo dalili ya uvujaji huo.

Ikate betri, vaa glovu na miwani, paka siki kidogo kwa mswaki mkuukuu, kisha suuza na uache ikauke kabisa. Pima njia hizo za shaba kwa mita ya umeme kabla ya kuunganisha umeme. Ukitaka saa irudi, betri bapa ya CR2032 inafaa ila lazima uweke dayodi (kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu), maana saketi ile inachaji, na betri hiyo haichajiwi. Wanaoiunganisha hivihivi wananishangaza.

Amiga 500 ya kawaida ubao wake hauna betri, lakini chungulia kadi ya kumbukumbu ya A501 chini, inayo.

Na kama unatarajia kiwanda kiziite kompyuta hizi zirudishwe kwa sababu ya betri, usisubiri: Commodore ilifilisika 1994. Urudishaji unaosimuliwa sana ni wa Apple PowerBook 5300 mwaka 1995, betri za litiamu za Sony ziliposhika moto, Apple ikaweka za nikeli. Kisa kingine kabisa, ile ni kompyuta ya mapajani.