Maswali ya wasomaji: Trekta Massey ya mzee iko chini ya mwembe, niinunue ao niache?

SWALI: Jambo sana wakubwa wa gazeti. Mimi ni msomaji wa Ruashi, hapa Lubumbashi. Jirani ya shamba yetu, upande wa barabara ya Kasenga, kuna mzee mmoja ana trekta Massey Ferguson 135, yeye mwenyewe njo aliinunua wakati wa Zaire na hakuna mtu mwingine aliyeiendesha isipokuwa yeye na mtoto wake wa kwanza. Sasa mzee amechoka, miguu inamuuma, trekta imesimama miaka tano haiwake. Juu ya bomba ya moshi alifunikaka mukebe ya tomati na bado uko pale. Watoto wanataka kuiuza kwa watu wa mitraye, wale wa vyuma vikuukuu, kwa kilo, mzee amekataa, ananiambia kama nitaiamusha kweli ataniachia kwa dola 3.500 pamoja na jembe ya disiki mbili. Fundi mmoja wa garaji ya magari alikuja kuangalia, akasema motere imekwama, eti tufunge kamba kwenye kamiyo tuvute mpaka ifunguke. Nataka kulima mahindi mvua ikianza. Ninunue ao niache?

JIBU: Ndugu yetu wa Ruashi, kwanza ile kamba uirudishe kwa mwenyewe. Motere ikikaa miaka, ringi zinashikana na silinda kwa kutu, sasa ukiivuta na kamiyo gia ikiwa ndani, nguvu yote inapita kwenye magurudumu mpaka kwenye piston, kitu kitavunjika tu, ama ringi ama biele (ile chuma inayoshika piston kwa chini) inapinda, na pale ulikuwa unaweza kuiokoa na oili kidogo na uvumilivu sasa utafungua motere nzima. Tafadhali usikubali, hata fundi akikuambia alishafanya hivyo kwa gari ya nani.

Ule mukebe wa tomati umenifurahisha sana. 135 nyingi bomba yao ya moshi inasimama wima kuelekea mbinguni, na mvua yetu ya huku unaijua, kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu inamwaga, maji yanashuka ndani ya bomba, yanaingia kwenye silinda yenye valvu wazi, na hiyo njo inaua motere zilizosimama kuliko kazi yenyewe. Mtu aliyefunika bomba anajua mashine yake. Kwa hiyo nina matumaini kwamba kutu ni ndogo.

Hii trekta ilianza kutoka kwenye kiwanda cha Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na zile za mazutu nyingi ziko na motere ya Perkins AD3.152, silinda tatu, lita 2,5, nguvu ya farasi kama 45 hivi. Ni motere nyepesi kuelewa, haina umeme wa kukusumbua, na mapyesi yake yanapatikana mpaka leo. Ukivuka Kasumbalesa utakuta upande wa Zambia Massey zinalima kila mahali, na kwenye Massey nyingi njo kwenye maduka ya mapyesi. Tu kabla ya kwenda andika namba zote za kwenye kibao cha trekta na namba ya motere iliyopigwa kwenye bloki, usiende kusema "nataka ya 135", watakupa isiyoingia. Na deklare mpakani, usipitishe kwa njia ya panya.

Sasa kazi yenyewe. Weka gia nyutro, toa injekta zote tatu (zile zinazonyunyizia mazutu ndani ya silinda), mimina ndani ya kila silinda mazutu iliyochanganywa na oili nyepesi, kidogo tu, funika matundu na kitambaa safi, uache siku kadhaa, uongeze tena. Kisha weka ufunguo mrefu kwenye nati ya puli ya mbele, sukuma kidogo mbele, kidogo nyuma, bila hasira. Ikicheza hata kidogo basi inakuja, endelea hivyohivyo mpaka izunguke mzunguko mzima. Izungushe na injekta zikiwa nje ili ile oili yote itoke, usirudishe injekta silinda zikiwa zimejaa.

Kabla ya kuiwasha fungua ile bulo ya chini ya kumwaga oili, polepole, usiitoe yote. Maji ni mazito kuliko oili kwa hiyo yanakaa chini, kama kuna maji yatatoka ya kwanza na utayaona. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, simama, tafuta maji yanaingilia wapi. Fanya hivyo pia kwenye gia, na hapa sikiliza vizuri, 135 oili ya gia na ya hidroliki ni moja, pompi ya hidroliki inakaa mule ndani chini kabisa, oili chafu inaikula. Mwaga yote, weka mpya. Tanki ya mazutu itoe uioshe, badilisha filta, kisha toa hewa: tumia ile lever ndogo ya mkono ya pompi ya kupandisha mazutu, legeza skrubu ya filta mpaka povu iishe, halafu ya pompi ya injekta, halafu nati za bomba ndogo za injekta wakati mwenzako anapiga demarere. Watu wengi wanaua batri bure juu hawakutoa hewa.

Siku ya kuwasha, jaribu kwanza kwamba ile waya ya kuzimisha inavuta kweli mpaka kwenye pompi. Pompi iliyolala inaweza kukwama kwenye mazutu mengi, motere inaenda mbio haisikii mtu, kwa hiyo mmoja asimame na kibao cha mbao tayari kufunika mdomo wa hewa. Kibao, asitumie mkono.

Kwa bei, mimi nisingekimbilia kusema ni kubwa ao ndogo, angalia vitu viwili vya gharama: gia na pine. Pine za nyuma za inchi 28 zikiwa zimepasuka mpaka nyuzi zinaonekana, hizo ni dola nyingi na hiyo njo unaongea na mzee kwa heshima, unamuonyesha, hapana kumwambia trekta yake ni mitraye ili ashushe. Alilisha watoto nayo. Tena unamhitaji! Kaa naye siku nzima, mpelekee hata kinywaji, umuulize iliacha kuwaka namna gani, ghafla ao polepole, gia gani ilikuwa inaruka, oili ilikuwa inapungua kwa wiki ao kwa mwezi, pyesi alizotoa aliweka wapi. Wazee wanawekaka kila bulo kwenye sanduku chini ya kitanda. Fundi wa magari hawezi kukupa hiyo habari, na kama mzee ana nguvu ya kukaa kwenye kiti chini ya mwembe, fungua motere mbele yake.

Karatasi usizipitie haraka. Karatasi ya kuuziana isainiwe na mzee, mke wake, na wale watoto waliotaka kuiuza, wote, na mashahidi, chef wa kartie akijua. Mzee akituacha kesho, wewe utakuwa na trekta yenye kutembea na wao watakuwa na midomo. Lipa nusu, nusu ingine motere ikizunguka, kwa sababu yeye mwenyewe alisema "ukiiamusha".

Rangi iache mwisho kabisa. Na hii 135 ya zamani kwa kawaida haina chuma ya kulinda kichwa cha dereva, kwa hiyo usifunge kamba ya kuvuta juu ya ekseli ya nyuma, funga chini kwenye drobari tu, ile chuma ya nyuma ya kuvutia, ukifunga juu itainuka mbele ikulalie.

SWALI: Nami niko na 135 hapa Kipushi, motere inawaka vizuri lakini mikono ya nyuma haipandishi jembe kabisa. Fundi anataka kufungua hidroliki yote. Ni lazima? (Mama mkulima)

JIBU: Mama, bado asifungue. Kwenye 135 pompi ya hidroliki inazungushwa na njia ya PTO, ile shafti ya nyuma yenye kuzungusha mashine. Lever ya PTO, iko kushoto karibu na mguu, ikiwa nyutro pompi hailali tu, haizunguki kabisa. Kanyaga klachi, iweke ndani, achia, jaribu tena, na watu wote wakae mbali na ile shafti, hasa wenye kitenge. Kama bado, pima oili kwenye kijiti upande wa kulia, ikipungua pompi inavuta hewa. Ikipanda halafu inatetemeka juu chini, juu chini, hapo kuna mahali panavuja ndani na fundi atakuwa na sababu ya kufungua, tuandikie tena utuambie inashuka haraka namna gani motere ikizimwa na jembe likiwa juu.