Umri wa mifupa ya Tendaguru: barua kwa mwanangu aliye Berlin

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na mama yako naye anakusalimu sana. Hapa nyumbani sote wazima. Nimeona nisikuweke, nikujibu lile uliloniuliza. Ulisimama chini ya dinosaria, yule mjusi mkubwa wa kale aliyechimbwa Tendaguru, kilima cha kwetu Lindi, katika makumbusho ya Berlin, ukasoma kwamba aliishi miaka milioni 150 iliyopita, na mwenzako akakwambia hayo ni makisio ya wazungu tu, kwani nani alikuwepo? Ukataka nikueleze wanajuaje. Kisha ukamalizia kwa uchungu: mifupa yote iko huku, baba, Lindi tumebakiwa na nini?

Maswali yako mawili yana jibu moja. Umri wa yule mnyama haukusomwa kwenye mifupa yake. Ulisomwa kwenye ardhi iliyomfunika, na ardhi hiyo haijaenda popote.

Watu wengi wamesikia habari za kupima kaboni, wakadhani kila kitu cha kale hupimwa hivyo. Kaboni 14, aina ya kaboni iliyomo katika kila kiumbe hai, hupungua haraka kiumbe kikishakufa; ukishapita miaka kama 50,000 hakuna cha kutosha kilichobaki kupimwa. Kwa dinosaria haifai kitu. Tena mfupa ule wenyewe umeshageuka: maji ya ardhini yenye madini yalipenya katika vitundu vyake miaka nenda rudi, yakaacha madini humo, hadi ukawa mzito kama jiwe. Kwa hiyo wataalamu huwageukia majirani aliozikwa nao.

Na majirani wa Tendaguru ni konokono na chaza. Kile kilima, kilomita kama 60 kaskazini-magharibi ya Lindi mjini, kimejengwa kwa matabaka yanayopishana: tabaka lenye mifupa ya dinosaria, juu yake mchanga wa bahari uliojaa makome, halafu mifupa tena, halafu bahari tena. Matabaka makuu ya mifupa ni matatu, na yale ya bahari wanajiolojia waliyaita kwa majina ya makome yaliyomo: Nerinea, ambaye ni konokono, na Trigonia, ambaye ni aina ya chaza. Maana yake ni kwamba wale wanyama waliishi pwani. Palikuwa na wangwa, maji yakijaa na kupwa, na misitu ya miti jamii ya misonobari ilikuwa bara kidogo. Bahari ikapanda, ikarudi nyuma, ikapanda tena. Sisi watu wa pwani tunaijua nchi ya namna hiyo kwa miguu yetu.

Sasa fuatana nami hapa, maana ndipo penye jibu. Katika matabaka ya bahari mna pia amonaiti, jamaa wa pweza na ngisi waliobeba gamba la mzunguko. Walienea katika bahari nyingi za dunia, na maumbo yao yalibadilika upesi, kizazi baada ya kizazi. Aina fulani ya amonaiti huonekana katika miamba ya kipindi kifupi tu, kisha hutoweka moja kwa moja. Ukikuta aina ileile Lindi na nchi ya mbali, umejua kwamba matabaka hayo mawili yalitandazwa karibu wakati mmoja. Hata chaza wa Tendaguru ana jamaa zake wa karibu katika miamba ya Kutch, India, kwa sababu zama zile India na Madagaska zilikuwa bado jirani zetu wa ubavuni.

Hapo tumepata mpangilio, nani alitangulia nani. Bado hatujapata hesabu ya miaka. Hesabu hutoka kwenye majivu ya volkano. Majivu yakitua katikati ya mashapo, yaani mchanga na tope lililotuama, huwa na chembe zenye urani au potasiamu. Baadhi ya atomi za potasiamu hubadilika zenyewe, kwa mwendo usioharakishwa na joto wala mvua: nusu yake huwa imegeuka kila ipitapo miaka takriban bilioni 1.25, nyingi zikawa kalisi na chache zikawa gesi ya agoni. Pima potasiamu iliyobaki na agoni iliyonaswa ndani ya chembe, utajua majivu yalitua lini. Njia hiyo ndiyo iliyotumika Olduvai, na mwaka 1961 ikatoa jibu la miaka milioni 1.75 kwa tabaka lilikofukuliwa fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu. Urani ina mwendo wake mwingine kabisa, na njia hizi mbili zikipimwa kwenye majivu mamoja hukubaliana tena na tena. Basi majivu ya nchi nyingine huupa umri ukoo wa amonaiti, na amonaiti huupa umri mchanga wa Tendaguru. Mwambie mwenzako kwamba kukisia ni kusema bila kupima. Hapa kila pingili ya mnyororo mtu mwingine anaweza kuipima upya.

Ndiyo maana mwaka 2000 wataalamu wa makumbusho hayohayo walirudi Tendaguru pamoja na Watanzania. Mifupa walikuwa nayo tele huko kwao. Walichokosa ni mashapo: walikuja kuchunguza matabaka na viumbe vidogo vilivyomo, ili waelewe mazingira na umri kwa uhakika zaidi. Mifupa yao bila kilima chetu ni nusu ya habari.

Hata hiyo mifupa haikujichimba. Baada ya mhandisi Bernhard Sattler kuiona mwaka 1906, msafara wa Wajerumani Werner Janensch na Edwin Hennig ulianza kuchimba 1909, ukamaliza 1913. Vita vya Majimaji vilikuwa vimeisha juzi tu, na nchi ile ilikuwa imeonja moto na njaa. Watu waliochimba walifikia 500 hivi kwa wakati mmoja, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi wa kuitambua mifupa na kuitoa bila kuivunja. Waliifunga kwa udongo na mianzi, wapagazi wakaibeba mwendo wa siku nne hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200, mwanangu, kwa vichwa na mabega ya watu. Yule mrefu uliyemwona, mwenye mita 13.27, aliunganishwa 1937 kwa mifupa ya zaidi ya mnyama mmoja. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima ya Boheti. Karibu miaka mia imepita kabla jina lake halijaingia katika elimu aliyoijenga kwa mikono yake, na hilo linaniuma kuliko hata suala la mifupa kurudi.

Kuhusu kurudi, mimi nasema irudi. Lakini nisingependa tukae tukiisubiri huku kilima chenyewe tukikiacha bila ulinzi wa kutosha na bila kijana wa Lindi anayejua kusoma tabaka. Mtoto wa shule akipelekwa pale akashika kome lililogeuka jiwe, akaelezwa habari ya bahari iliyopanda na kurudi, amepata sehemu ambayo Berlin haina.

Ukienda tena, mtazame na Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, naye ni wa kwetu. Kisha waulize wahifadhi kama makome ya Tendaguru yamewekwa mahali unapoweza kuyaona, na kama jina la Boheti limeandikwa ukumbini. Nipigie picha utakachokikuta, unitumie kwa simu ya mama yako, maana yangu haihifadhi picha nyingi.

Ni mimi baba yako.