Nane Nane, Noah na hema: anzieni Mbudya, hema la juu ya gari lisubiri

Mkuu mleta uzi, nimesoma swali lako na majibu yote hadi ya asubuhi hii. Umesema mko sita: wewe, shemeji, watoto watatu na mama mkwe. Gari ni Noah. Mnataka Nane Nane hii mlale nje, mpande boti na mchome nyama. Wadau wamekujaza: nunua hema la kufunga juu ya gari, nunua jenereta, nunua friji ya gari, halafu kanyaga mafuta hadi Serengeti.

Mimi nakwambia usinunue chochote kati ya hivyo, na Serengeti iache kwanza. Familia nyingi ninazozijua zilizoapa kutorudia kambi hazikushindwa na hema la bei poa. Zilishindwa na usiku wa kwanza: wamefika giza limeingia, nguzo za hema hazieleweki, watoto wanalia njaa, mkaa umelowa, na baba hataki kuambiwa. Usiku wa namna hiyo ukikukutia Kunduchi, hapahapa Dar, asubuhi mnarudi nyumbani mnacheka. Ukikukutia zaidi ya kilomita 700 kutoka Dar, mtarudi mmenuniana njia nzima.

Kwa hiyo anzieni Mbudya, kisiwa kidogo jirani na Kunduchi. Boti, hema na moto vyote mnavipata mahali pamoja, na nyumbani si mbali. Boti za Mbudya zinatoka Kunduchi, kama robo saa hadi dakika 20 majini. (Za Bongoyo zinatoka Slipway, Masaki.) Visiwa vyote hivyo viko chini ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo kuna kiingilio, na kulala kuna kibali na malipo yake. Hilo malizana nalo kabla ya siku yenyewe, usiende kubishana ufukweni na watoto wamekaa juu ya mabegi. Kule kuna vibanda vya makuti vya kivuli, na kuna jamaa wanaochoma samaki: wanakuletea wabichi, unachagua, wanakutengenezea na chipsi. Maana yake hata moto wako ukigoma hamtalala njaa. Maji ya kunywa ndiyo ya kubeba. Watu sita mkilala usiku mmoja, chukueni madumu mawili ya lita 20, moja la kunywa na kupikia, la pili la kuoshea vyombo na kuwasuuza watoto chumvi. Mtoto aliyelala na chumvi mwilini hamlali nyote.

Sasa niseme jambo ambalo sijaona mtu amelitaja kwenye uzi mzima, na kwangu ndilo linaloamua safari: maji ya bahari. Wote mmeulizana bei ya boti, hakuna aliyeuliza maji yatakuwa wapi.

Wavuvi wa Kunduchi wanahesabu mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani kwenye tarehe 1 na 15 za Kiislamu na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti inapita mita 3. Pwani yetu siku za bamvua maji hujaa kwenye saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Sasa piga hesabu ya familia ya Dar. Mmeamka, mmebishana nani kasahau miswaki, mmekula foleni ya barabara ya Bagamoyo, mnafika Kunduchi saa 4 asubuhi. Bamvua hiyo! Bahari imekimbia, boti iko kule mbali imetia nanga, na ninyi mna deli la nyama, magodoro, madumu na mama mwenye magoti mabovu, mnavuka tope na mawe kwa miguu.

Maji mafu ni kinyume chake. Kwenye tarehe 7 hadi 9 na 22 hadi 24 za mwezi huo wa Kiislamu, maji hujaa karibu na saa 4 asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali. Boti inasogea karibu, mnapanda mmelowa hadi magotini tu. Ukiniuliza mimi, kama Nane Nane ya mwaka huu inaangukia bamvua, sogeza safari wiki moja. Sikukuu haitachukia.

Kuna upepo pia. Agosti ni kusi, na kusi huwa mpole asubuhi halafu linachangamka mchana. Ufukwe wa Mbudya unaotazama Kunduchi umejikinga kiasi, ila katikati ya mkondo mtarushwarushwa. Ondokeni mapema, na kurudi msingoje jua lizame. Mkilala, rudini asubuhi ya pili bahari ikiwa imetulia.

Kuhusu boti yenyewe sina mengi. Chukua yenye leseni na nahodha anayeeleweka. Kabla hujatoa hela, omba kuyaona majaketi okozi, na uyavishe watoto hapohapo nchi kavu. Majaketi mengi ni ya watu wazima. Mtoto wa miaka mitano ukimwinua kwa mabega ya jaketi na kichwa kikazama ndani ya shingo yake, hilo si lake, litamvuka majini. Wa kwako wakiwa wadogo, nunua au azima ya saizi zao. Hayo ndiyo manunuzi pekee ninayokuruhusu. Na ukikodi boti nzima, lipa nusu ya kwenda na nusu wakirudi kuwachukua. Nahodha mwenye hela yako mkononi ana mipango mingine.

Hema. La kawaida la kusimamisha chini, la watu wanne, azima mawili. Vigingi vya chuma vinavyokuja na hema havishiki kwenye mchanga, upepo ukija vinachomoka kimoja kimoja. Beba viroba vitupu, vijaze mchanga, vifunge kwenye kamba za hema, kisha vifukie kwa kina cha kiwiko. Kama huna viroba, funga kamba katikati ya kipande cha mti, ukifukie kimelala. Usiweke hema chini ya mnazi, na hapo sihitaji kueleza. Kivuli cha mivinje ni kizuri, ila tandika turubai chini kwanza.

Halafu angalia mstari wa mwani. Kila ufukwe una mstari wa mwani mkavu, vijiti na vipande vya makuti: pale ndipo maji yalipofika mwisho. Hema liwe juu ya mstari huo, tena juu vya kutosha. Kuna vijana tuliwahi kulala nao jirani, walifika jioni maji yakiwa yameanza kushuka, wakapenda ule mchanga laini uliolala sawasawa kama meza. Ilikuwa bamvua. Wakaweka hema, wakawasha muziki, wakalala. Karibu saa 10 alfajiri tukasikia mtu anaita jina la mwenzake, tukatoka na tochi: ndala zinaelea mlangoni, mmoja amesimama na godoro kichwani, mwingine anatafuta simu majini kwa mguu. Mchanga ule ulikuwa laini kwa sababu bahari huutembelea kila siku.

Tuje kwenye moto, maana najua ndicho kilichokupeleka.

Nyama ya mbuzi: nunua mbavu na paja, mwambie mchinjaji akukatie vipande vikubwa. Vidogo vinakauka. Osha, kausha, gandisha usiku mzima kwenye friji ya nyumbani, pamoja na chupa za maji ya kunywa. Asubuhi panga vyote kwenye deli, chupa chini, nyama juu. Chupa ndizo barafu yako, zikiyeyuka mnakunywa. Friji ya gari ya nini? Ya mishkaki kata steki, ipake kitunguu saumu, tangawizi, limau na chumvi. Ikiwa ngumu ongeza papai bichi lililokunwa, lakini kijiko tu na si zaidi ya saa moja mbili kabla ya kuchoma, kwa sababu papai linavunja nyama hadi inakuwa uji. Hiyo usiigandishe na papai ndani.

Mkaa beba wako kwenye kiroba kilichofungwa vizuri, na kiberiti kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Kuni za kisiwani msikate wala msiokote, ile ni hifadhi. Vya kuwashia, chukua vifuu vya nazi nyumbani, vichache tu. Kifuu kikishika kina moto mkali, mkaa hauna jinsi. Halafu subira. Wengi mnaweka nyama mkaa ukiwa bado mweusi unatoa moshi, mnapata nyama nyeusi nje na damu ndani. Ngoja hadi mkaa wote uvae majivu meupe, uweke mkono juu ya wavu usiweze kuvumilia zaidi ya kuhesabu nne au tano. Sogeza mkaa mwingi upande mmoja. Mbavu zianzie upande wenye moto mdogo, zikae huko muda mrefu na mafuta yakidondoka taratibu, mwishoni ndipo uzipeleke kwenye moto mkali zishike rangi. Mafuta yakiwasha ndimi za moto usimwagie maji, majivu yote yatahamia kwenye nyama. Sogeza nyama pembeni, moto utatulia. Chumvi na limau tu, pilipili kila mtu na yake.

Samaki ni habari nyingine. Changu au kolekole, mpasue mistari mitatu kila upande, mpake chumvi, limau na mafuta kidogo, na wavu nao uupake mafuta ukiwa umeshapata moto. Kisha mwache. Usimpapase. Samaki akiiva upande mmoja anaachia wavu mwenyewe. Aking'ang'ania, hajaiva, ukimlazimisha ngozi inabaki kwenye chuma. Watoto wapewe mihogo ya kuchoma wakati wanasubiri, vinginevyo watakufunulia wavu kila dakika.

Kisha hili, shika sana: jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema wala ndani ya gari, hata likiwa limebaki makaa mawili, hata baridi ikiwa kali. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Mtu analala na haamki. Likishamaliza kazi, zima kwa maji hadi usisikie sauti, usifukie makaa mchangani: mchanga unatunza moto, na mtoto atapita pale peku.

Noah sasa. Hema la juu ya gari lenyewe tu mara nyingi linapita kilo 50, na bado hamjapanda watu. Paa la Noah halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ila Noah yenyewe ni chumba kizuri. Toa au laza viti vya nyuma, weka godoro la futi tatu na nusu, vioo viwili vya pande tofauti vifungue kidogo na uvifunike kwa kitambaa cha neti kilichobanwa na mlango. Wawili wanalala bila shida. Hiyo itumie safari ya pili, Mikumi, ambako barabara kuu ya Iringa inakatisha katikati ya hifadhi. Kiangazi, njia za uwanda wa Mkata hata Noah inapita ikiendeshwa taratibu. Beba kitambulisho cha taifa ulipe kama Mtanzania, na malipo ni ya kadi au namba ya malipo, noti zako hazitasaidia getini. Kambi za hifadhi hazina uzio: chakula chote kilale ndani ya gari, hasa matunda, tembo wana pua. Usiku haja ndogo ni pamoja na tochi, na unamulika kwanza kabla ya kushuka. Mkiyazoea hayo ndipo mfikirie Ruaha, au Kisolanza, kusini ya Iringa kwenye barabara ya Mbeya, kambi ya shambani yenye baridi kali ya Juni hadi Agosti. Huko ndiko watu wanakoshawishika kuingiza jiko hemani.

Kwa waliotaja spika na jenereta: jamani, kisiwa kidogo, watu wengine wamekuja kusikia bahari. Tochi za kichwa mbili na taa moja ya sola zinatosha. Uchafu mnarudi nao wote. Beba gunia, mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu 1 Juni 2019 na pale kisiwani utaulizwa.

La mwisho ni mama, maana umeuliza kama abaki nyumbani. Aje. Kwanza ndiye atakayejua kama mbuzi ameiva. Beba kigoda imara cha kukanyagia, mmoja akishike chini majini na mwingine ampe mkono kutoka ndani ya boti. Asikae mbele, mbele ndiko boti inakopiga mawimbi na mgongo unaumia. Akae nyuma, karibu na nahodha, na kanga ya pili ya kujifunika maji yakiruka. Kulala chini kukimshinda, badilisheni mpango: fukwe kadhaa za Kigamboni zina vibanda vyenye kitanda na eneo la mahema palepale, mama analala kitandani, ninyi mnalala hemani hatua chache tu kutoka mlangoni kwake, na Mbudya mnakwenda siku nyingine kushinda tu. Ukishajua tarehe, niandikie hapa nikuangalizie maji.