Doti moja, bei mbili: kusafisha matokeo yanayojirudia

SWALI: Kaka Fundi, asalaam aleikum. Nauza khanga Mtaa wa Biashara hapa Mombasa, na tangu mwaka jana nina duka la mtandaoni pia. Mteja akiandika "wema hauozi" kwenye kisanduku cha kutafutia, ukurasa mzima unajaa khanga hiyo hiyo: nyekundu, nyekundu tena, kijani, zambarau, halafu nyekundu. Nyingine zina bei ya zamani, na juzi mteja alishikilia ile bei ya chini mpaka nikamwachia. Kijana aliyenitengenezea tovuti anasema injini ya utafutaji ni Meilisearch, na kwamba kuna mpangilio mmoja ukiuwasha, marudio yote yanaondoka. Niuwashe?
*Muuza khanga, Mombasa*

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Usiuwashe kwanza. Mpangilio huo upo, ni mzuri, na utauhitaji. Lakini ukianza nao, tatizo la bei litafichika tu, halitakwisha.

Hebu itazame tena orodha uliyoniandikia. Nyekundu na kijani si marudio. Ni khanga moja yenye rangi mbili, na zote zina haki ya kuwemo dukani. Nyekundu na "nyekundu tena" ndiyo marudio hasa: bidhaa moja imeingia zaidi ya mara moja kwenye faharasa, yaani ile orodha ambayo injini huitafutia humo. Haya mawili hayatibiwi kwa dawa moja.

Tuanze na nyekundu, kwa kuwa ndiyo inayokutia hasara. Meilisearch huitambua kila rekodi kwa sehemu moja inayoitwa ufunguo mkuu. Rekodi ikija na ufunguo ambao tayari umo, inachukua nafasi ya ile ya zamani. Ikija na ufunguo mgeni, inaongezwa kando. Injini haiangalii kama picha ni ile ile au jina ni lile lile. Dalili zako zinanionyesha kwamba kila unapopakia orodha upya, programu ya huyo kijana inaipa kila khanga namba mpya. Muulize. Kama ndivyo, kila ulipodhani umebadilisha bei, ulikuwa umeongeza khanga ya pili yenye bei mpya, na ile ya kwanza ikabaki palepale na bei yake. Ukiwasha mpangilio wa kuficha marudio katika hali hiyo, injini itatoa moja kati ya hizo, na hakuna kinachoiambia kwamba yenye bei mpya ndiyo ya kweli. Utaendelea kugombana na wateja, tena bila kuiona sababu.

Kwa hiyo ufunguo utokane na khanga yenyewe: jina, mji (mchoro wa katikati), rangi. Mfano `wema-hauozi-korosho-nyekundu`. Tumia herufi za kawaida, tarakimu na vistari tu. Nafasi tupu na mkato hukataliwa. Safu ya ufunguo huo iwe kwenye Excel yako wewe, uiandike mara moja khanga inapoingia dukani, na isiguswe tena hata bei ikibadilika mara kumi.

Zile rekodi chafu usizifute moja moja. Mwambie kijana atengeneze faharasa mpya kando, apakie humo orodha safi, kisha abadilishane faharasa hizo mbili kwa amri ya `swap-indexes`. Duka halitakuwa tupu hata kidogo wakati kazi inaendelea. Ila mipangilio huhama pamoja na faharasa, kwa hiyo ile mpya ipangwe kikamilifu kabla ya kubadilishana.

Kabla ya kubadilishana, fanyeni jaribio hili. Angalieni faharasa mpya ina rekodi ngapi. Idadi ilingane na mistari ya khanga kwenye Excel. Kisha pakieni orodha ile ile mara ya pili. Idadi ikipanda hata kwa moja, ufunguo bado una kasoro. Msiendelee mpaka idadi itulie.

Sasa rangi. Ongeza safu nyingine, uiite `kundi`, na humo uandike jina na mji bila rangi: `wema-hauozi-korosho`. Khanga zote za kundi moja zitakunjwa na kuwa tokeo moja. Wengi hapa hukata njia, wanakunja kwa jina la khanga peke yake, na mimi napinga kwa nguvu zote. Jina moja huchapwa na viwanda mbalimbali, miaka tofauti, kwa miji tofauti. Mama yangu husoma jina kwanza, halafu hutandaza doti nzima kuutazama mji na pindo, na rangi ndiyo huiulizia mwisho. "Wema hauozi" ya korosho na ya nanasi kwake ni khanga mbili. Ukizikunja pamoja, moja itapotea kwenye orodha, na mteja aliyeitaka ataamini huna. Na uwe makini na tahajia: "koroso" badala ya "korosho" inatosha kulivunja kundi.

Mpangilio aliokutajia kijana bila shaka ni `distinctAttribute`. Ukiuweka kwenye faharasa, unakunja kila utafutaji, hata ule wa ukurasa wa bidhaa unaopaswa kuonyesha rangi zote za kundi. Mteja atafungua nyekundu na asijue kwamba kijani ipo. Kuanzia toleo la 1.9 la Meilisearch kuna njia ninayoipenda zaidi: weka `kundi` kwenye `filterableAttributes` (orodha ya sehemu zinazoweza kuchujiwa), acha `distinctAttribute` tupu, kisha ukurasa wa matokeo peke yake utume `distinct` yenye thamani `kundi` pamoja na maneno ya mteja. Ukurasa wa bidhaa utachuja kwa kundi bila kukunja, na rangi zote zitajipanga.

Kuna faida nyingine. Injini haichukui yoyote tu katika kundi, inabakiza ile inayolingana zaidi na maneno yaliyoandikwa. Mteja akiandika "wema hauozi kijani", ni ya kijani itakayotokea mbele yake.

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mkutubi msaidizi chuoni. Kila nakala ya kitabu kwetu ni rekodi yake. Injini yetu ya utafutaji ni Elasticsearch. Tumetumia `collapse` yake, inayokunja marudio, na sasa kila kitabu kinatokea mara moja, lakini juu ya orodha bado panaandikwa matokeo 48 wakati vitabu ni 11. Wanafunzi wanalalamika kwamba tunawaficha vitabu.
*Mkutubi, Morogoro*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hamjakosea mpangilio. Jumla inayotolewa na Elasticsearch huhesabu rekodi zilizolingana kabla ya kukunjwa, na kukunja hakuigusi. Katika ombi hilo hilo ongezeni ujumlishaji wa `cardinality`, unaohesabu thamani zilizo tofauti, juu ya sehemu ile ile mnayokunjia, na namba hiyo ndiyo iandikwe juu ya orodha. Ni makadirio, si hesabu kamili, ila kwa idadi ndogo kama yenu inakaribia sana ukweli.

Halafu msiwanyime wanafunzi habari za nakala. Ongezeni `inner_hits`, inayorudisha rekodi zilizokunjwa, ndani ya `collapse`, na chini ya kila kitabu onyesheni nakala zake: ipi iko rafuni, ipi imeazimwa. Mwanafunzi mwenye mtihani kesho asubuhi, anachotaka kujua ni kama kuna hata moja ya kuchukua leo.